Kwa Hiyo na Mimi ni wa Kati? Pato, Mahitaji na Ustawi Si Kitu Kimoja

Siku Benki ya Dunia ilipoiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati, tarehe 1 Julai 2020, kijiwe chetu cha kahawa kiligawanyika. Wapo waliopongezana, maana Dira ya Taifa ilikuwa imepanga tufike hapo 2025 na tumewahi kwa miaka mitano. Wapo waliocheka. Fundi viatu mmoja akaweka kashata yake chini, akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Kwa hiyo na mimi ni wa kati?"

Swali lile halijafa. Kila bajeti ikisomwa Dodoma mwezi Juni na asilimia za ukuaji zikatajwa, linarudi kwa sura nyingine: uchumi unakua wapi, mbona kwangu haujapita? Anayeuliza huambiwa haelewi uchumi. Anayejibu huambiwa muongo. Mimi naona wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana kitu chake kichwani na wote wanakiita maendeleo.

Tuanze na takwimu yenyewe. Kilichopimwa ni pato ghafi la taifa kwa kila mtu. Unachukua jumla ya walichoingiza wakazi wa nchi kwa mwaka, unagawa kwa idadi ya watu wote, kikongwe na mtoto aliyezaliwa jana wakiwemo. Kwa mwaka 2019 jibu lilikuwa dola 1,080. Mstari wa kuingilia kundi la kipato cha kati cha chini ulikuwa dola 1,036. Kizingiti tulikiruka kwa dola 44. Na kundi lenyewe lilikuwa linakwenda hadi dola 4,045, kwa hiyo tulikuwa tumeingia mlangoni, sebuleni bado.

Kwa bei ya dola ya wakati ule, 1,080 ni karibu shilingi milioni 2.5 kwa mwaka, yaani laki mbili na ushei kwa mwezi kwa kila kichwa. Nyumba ya watu watano ingekuwa na zaidi ya milioni moja kila mwezi. Kama unajiuliza mbona kwako haipo, swali lako ni la wastani.

Chukulieni kijiweni mko wanane, kila mmoja anaingiza shilingi 10,000 kwa siku. Wastani ni 10,000. Anakuja mwenye kituo cha mafuta, anayeingiza 910,000 kwa siku, anavuta kiti na kuagiza kahawa. Palepale wastani wa kijiwe umepanda hadi 110,000. Hakuna aliyeongezewa hata senti, na tajiri akinyanyuka kwenda zake hakuna atakayepungukiwa. Mtakwimu aliyeandika 110,000 hajakosea hesabu. Akiandika kwamba wanakijiwe wametajirika, hapo ametia chumvi.

Walioanzisha hesabu hizi walilijua jambo hilo mapema. Simon Kuznets, aliyeongoza makadirio ya pato la taifa la Marekani, aliwaonya wabunge wa nchi hiyo mwaka 1934, ndani ya ripoti ileile yenye takwimu zake, kwamba ni vigumu kuusoma ustawi wa taifa kwenye pato lake. Onyo likawekwa kabatini, takwimu zikapanda jukwaani. Tena zipo kazi ambazo hesabu hii haizioni kabisa. Mama anayepika, anayefua, anayelea na kuuguza nyumbani kwake haonekani. Dada wa kazi anayelipwa kwa kazi zilezile anaonekana. Wachumi wana utani wao wa zamani: mwenye nyumba akimwoa dada wa kazi, pato la taifa limeshuka.

Mbolea na majani

Kuna maneno matatu ambayo tukiyatenganisha, nusu ya ubishi wa kijiweni unakwisha.

Rasilimali ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, kwa asili likimaanisha kichwa cha mali, mtaji wa kuanzia. Ni chochote ulicho nacho cha kutumia: fedha, kiwanja, ujuzi, afya, muda, na hata ndugu wa kumpigia simu saa nane usiku. Mahitaji ni yale ambayo ukiyakosa unadhurika, uwe unayatamani au huyatamani. Hakuna mtoto anayetamani chanjo ya surua, lakini anaihitaji. Soda anaitamani, na asipoipata hadhuriki. Ustawi ndio hali yenyewe ya maisha: mtu anaishije, anaweza kufanya nini, anaweza kuwa nani.

Neno hili la tatu mkulima analo mdomoni kila msimu. Mahindi yamestawi, husema. Na hasemi hivyo akiwa dukani ananunua mifuko minne ya mbolea. Anasema akiwa shambani, anatazama majani. Mbolea ni rasilimali. Inaweza kuwa ya kutosha na mahindi yakadumaa kwa sababu udongo umechoka, mvua imekata mapema, au viwavijeshi vimepita. Jirani mwenye nusu ya mbolea ile akavuna vizuri. Pato la taifa linahesabu mifuko ya mbolea. Fundi viatu alikuwa anauliza habari za majani.

Mahitaji ni yapi, na nani anayapangia bei?

Serikali nyingi hujaribu kuyapangia bei kwa kuchora mstari wa umaskini. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya Tanzania Bara wa 2017/18 uliuweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Chakula peke yake kilikuwa shilingi 33,748. Chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 26.4 ya watu, na chini ya ule wa chakula asilimia 8.

Gawa 49,320 kwa siku 30. Unapata shilingi 1,644 kwa siku, na humo mna chakula, sabuni, mavazi, nauli na kila kitu. Aliyekuwa na 50,000 kwa mwezi hakuwa maskini kitakwimu. Hapa ndipo watu hukasirika, na nawaelewa, ila tusiutwike mstari mzigo usio wake. Kazi yake ni kuhesabu walio chini kabisa na kuona kama mwaka hadi mwaka wanapungua. Haukuchorwa ili kumwambia aliye juu yake kidogo kwamba mambo yake ni shwari.

Upo pia mstari wa kimataifa, na huo umewachanganya hata waandishi wa habari. Ulikuwa dola 1.90 kwa siku, ukawa 2.15 mwaka 2022, ukawa 3.00 Juni 2025. Kila unaposogezwa, vichwa vya habari hupiga kelele kwamba maskini wameongezeka ghafla. Waliokuwa wanalala njaa jana ni walewale. Kamba ndiyo iliyopandishwa. Halafu dola hiyo si ile ya dirishani kwenye duka la kubadilishia fedha. Ni dola iliyorekebishwa kwa bei za kila nchi. Kiasi cha shilingi kinachokushibisha chai na chapati Tandika, ukikibadilisha na kwenda nacho New York, hakikupi hata kikombe cha kahawa. Marekebisho hayo ndiyo yanayofanya nchi mbili zilinganishwe bila kuionea mojawapo.

Sasa, je, mahitaji yana mpangilio? Wengi tulifundishwa ile piramidi ya Abraham Maslow: chini chakula na malazi, juu yake usalama, kisha upendo, heshima, na kileleni mtu kutimiza vipaji vyake. Maslow aliandika makala yake mwaka 1943, na piramidi yenyewe haimo. Ilichorwa na wengine baadaye. Naye hakudai kwamba ngazi ya chini lazima ijae asilimia mia ndipo upande ya pili. Tulioikaza ni sisi.

Ukiikaza namna hiyo haiwezi kueleza msiba wa uswahilini. Mwanamke ambaye hana uhakika wa chakula cha kesho anatoa shilingi elfu mbili za rambirambi leo, na jina lake linaandikwa kwenye daftari. Kwa piramidi, huyu ameruka ngazi. Kwa mtaa wake, amelipia bima. Siku ya kwake daftari litafunguliwa. Kuzikana kwetu ni chakula, usalama, upendo na heshima kwa mpigo mmoja.

Mchumi wa Chile, Manfred Max-Neef, alilieleza hili kwa namna ninayoiona inatufaa zaidi. Mahitaji ya binadamu, alisema, ni machache na yanafanana kila mahali. Yeye aliorodhesha tisa: kujikimu, ulinzi, upendo, uelewa, ushiriki, mapumziko, ubunifu, utambulisho na uhuru. Kinachobadilika ni vitoshelezi, yaani njia za kuyatimiza. Nyumba si hitaji, ni kitoshelezi cha hitaji la ulinzi. Simu janja nayo si hitaji, lakini kijana wa bodaboda anayepata abiria kwa programu ya simu ukimnyang'anya unamgusa kwenye kujikimu, ushiriki na hata utambulisho wake. Ndiyo maana ule mjadala wa "hawa wanalia njaa na wana simu" huwa hauna kichwa wala miguu.

Kwa Mangi

Rasilimali nazo zina vituko vyake. Kaa nusu saa dukani kwa Mangi jioni. Mtoto anakuja na chupa ya maji iliyokwisha, anataka mafuta ya kula ya mia tano. Mangi anachovya kikopo kwenye ndoo, anamimina polepole, tone la mwisho analisubiri lidondoke. Mwingine anataka sukari robo. Mwingine mkaa wa kopo. Chukua bei ya kikopo kimoja uizidishe hadi ufikie lita tano, kisha linganisha na dumu lililofungwa lililoko rafu ya juu. Mwenye kikopo amelipa zaidi. Wakenya wanauita uchumi wa kadogo, na jina limekaa mahali pake.

Anayenunua kwa kikopo hajashindwa hesabu. Anajua kabisa kwamba dumu lina nafuu. Alichokosa ni fedha ya pamoja, kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wawili wenye kipato sawa kwa mwezi, mmoja akilipwa tarehe 25 na mwingine akiokoteza kila siku, hawana rasilimali sawa. Namna fedha inavyoingia ni rasilimali yenyewe. Ndiyo kazi ya vikoba na upatu: kuzigeuza fedha za kudondoka kuwa fedha ya mkupuo.

Muda nao ni hivyohivyo. Dumu la maji likiwa umbali wa saa moja, hiyo saa haimo kwenye bei ya maji, na mara nyingi mlipaji ni msichana.

Kubwa zaidi ni kuchanganya rasilimali ya nchi na rasilimali ya mtu. Husemwa: sisi matajiri, tuna dhahabu, tuna gesi, tuna tanzanite isiyopatikana kwingine duniani, umaskini unatoka wapi? Nenda Kolwezi, kusini mwa Kongo, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia kwenye betri za simu na magari ya umeme. Mchimbaji mdogo anashuka shimoni kwa kamba, juu ya utajiri huo huo, na nyumbani kwake maji ya bomba ni hadithi. Kitu kuwa chini ya miguu yako hakukifanyi kuwa chako. Kati yako na hicho kitu kuna leseni, barabara, mnunuzi, mizani ya mnunuzi, na kodi inayorudi au isiyorudi. Azimio la Arusha la 1967 lilipoorodhesha vitu vinne vinavyohitajika ili tuendelee, lilitaja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Viwili kati ya hivyo huwezi kuvipima kwa tani. Mengi ya Azimio lile yalishindwa kutekelezeka, lakini orodha hiyo haijachakaa.

Vyandarua viwili

Shangazi yangu kijijini alipewa vyandarua viwili vyenye dawa. Kimoja nilikikuta kitandani kwake. Cha pili kilikuwa kimezungushiwa bustani ya mchicha kuzuia kuku. Nilianza kumpa somo la malaria, akanishika mkono hadi chumba cha watoto. Wanalala watano kwenye mkeka mmoja. Paa liko juu, kuta za udongo zinabomoka ukipigilia msumari, na chandarua kinataka pembe nne za kufungia. "Haya mwanangu, kifunge," akaniambia. Nilishindwa.

Kwenye daftari la ugawaji, nyumba ile ina vyandarua viwili.

Amartya Sen, mchumi wa Kihindi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alitumia miaka mingi kuitazama nafasi hiyo iliyoko kati ya kupewa kitu na kukifaidi. Akiwa mtoto wa miaka tisa aliiona njaa ya Bengal ya 1943, iliyoua watu kati ya milioni mbili na tatu. Baadaye alipozichambua takwimu alikuta kwamba chakula kilichokuwapo mwaka ule kilizidi kile cha 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa ya namna hiyo. Chakula kilikuwapo. Vibarua na wavuvi ndio walioishiwa uwezo wa kukinunua, bei zilipopaa na ujira wao ukabaki palepale.

Kwa hoja yake, kipimo sahihi ni kile ambacho mtu anaweza kweli kukifanya na kile anachoweza kuwa. Anayetembea kwa magongo anahitaji fedha zaidi kuliko wewe ili afike palepale kazini, maana daladala hazimsubiri. Ukiwapa nauli sawa, umewapa rasilimali sawa na maisha tofauti.

Wazo hilo ndilo lililozaa vipimo vinavyosikika sasa. Mwaka 1990 Mpakistani Mahbub ul Haq, akishauriana na Sen, alianzisha kwenye Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo faharasa ya maendeleo ya binadamu, inayounganisha vitu vitatu: umri wa kuishi, elimu na kipato. Mwaka 2010 kikaja kipimo cha umaskini wa pande nyingi, chenye maswali kumi juu ya kila nyumba: lishe, vifo vya watoto, miaka ya shule, mahudhurio, nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, makazi na vyombo. Hapa nako upo uvumi kwamba ukipikia mkaa Umoja wa Mataifa unakuita maskini. Hapana. Maswali hayo hayana uzito sawa, na mkaa unakupa alama moja tu kati ya kumi na nane. Ili nyumba ihesabiwe maskini lazima mapungufu yake yafike theluthi, yaani alama sita, ambayo ni kama uwe na mapungufu sita ya uzito wa mkaa, au mawili ya uzito wa lishe na shule.

Pesa, pombe na ngazi ya vipandio kumi

Kuna kundi lililosikia mambo haya likaruka hadi upande wa pili: kumbe fedha si kitu, maskini afundishwe kwanza, maana ukimpa taslimu atainywea. Ruzuku za kaya maskini za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, zimesemwa hivyo miaka yote. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za nchi mbalimbali juu ya swali hilo hasa. Waliopewa fedha hawakuongeza matumizi ya pombe na sigara. Mahali pengine yalipungua. Mlevi yupo kila kijiji, na hata kijiji kisicho na ruzuku anaye.

La mwisho ni furaha, ambalo ndilo lenye porojo nyingi. Ripoti ya furaha duniani ya 2018 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156, Burundi ikiwa ya mwisho na Finland ya kwanza. Watu waliwaka: sisi tunaocheka hadi msibani tumezidiwa na Wafini wanaokaa kimya kwenye basi? Lakini orodha ile haipimi kicheko. Mtu anaambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kutoka sifuri hadi kumi, cha juu kikiwa maisha bora kabisa anayoweza kuyawazia, kisha aseme amesimama wapi. Ni hukumu ya mtu juu ya maisha yake, na unaweza kuitoa ukiwa unacheka.

Juu ya fedha na hukumu hiyo, wataalamu wenyewe wamebishana. Richard Easterlin alionyesha mwaka 1974 kwamba ndani ya nchi moja tajiri husema ana furaha kuliko maskini, lakini Marekani nzima ilipozidi kutajirika furaha haikupanda nayo. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba kwa Wamarekani, hisia njema za kila siku hazipandi tena kipato kikifika kama dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Kahneman huyohuyo, akiandika na Matthew Killingsworth aliyekuwa akimpinga, alikiri kwamba kwa watu wengi zinaendelea kupanda, ila kwa wenye majonzi makubwa fedha inafika mahali inachoka.

Nilimjaribu muuza kahawa wetu kwa swali hilo la ngazi. Alimimina vikombe viwili kwanza.

"Nne," akasema.

Nikamuuliza mwaka juzi alikuwa kipandio gani.

"Sita."

Nikashangaa. Mwaka juzi alikuwa na birika moja. Sasa ana mawili, na kijana wa kumsaidia, na kashata anazipika mkewe badala ya kununua. Kipato kimepanda, mwenyewe anakubali.

"Mwaka juzi mama alikuwa anatembea," akasema, akapuliza mkaa.